Leo getini tumekataa kupapaswa

Jamani, mpaka sasa mwili unanisisimka!

Tunatoka zamu kiwandani, Nyakato, tunakokata minofu ya sangara. Mlinzi, mwanaume, akasema leo anatupapasa mwilini, eti samaki wanaibiwa.

Mama Kulwa, mpole kuliko sisi wote, akamfungulia mkoba.

"Huu kagua, kaka yangu. Mwili wangu atakagua mwanamke, tena ndani."

"Basi kazi huna!"

Mama Kulwa akaketi chini palepale.

Nikaketi naye. Kugeuka nyuma, mstari mzima umeketi. Hata wanaume!

Meneja akaja, akamwendea Mama Kulwa.

"Mama, samahani. Kuanzia leo wanawake watakaguliwa na mwanamke, chumbani."

"Asante, baba," akajibu, akajifuta vumbi.

Kumbe mtu anaweza kukataa! Kwenu mnakaguliwaje?