Duara la Maji la Obadiah

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu ungali umetanda juu ya Bura, Obadiah Mwandawiro anakita ncha ya bikari kwenye karatasi na kuizungusha polepole. Saa nne watu wa mfereji wanakutana kuamua zamu za maji. Tryphena, ambaye kabeji zake zinakauka, ameshakuja mara mbili kuuliza kama mchoro uko tayari.

"Bado, mama. Nikikosea digrii moja, atakayetukanwa ni mimi."

Obadiah, mwenye miaka hamsini na minne, ni karani wa mfereji huu tangu 1949. Kwa siku saba amekaa kando ya maji, akiandika maji yanaenda wapi na kwa saa ngapi. Saa ishirini na nne ndizo duara zima. Kila saa, digrii kumi na tano. Mashamba ya juu yanachukua saa kumi na saba. Ya chini, kwa akina Tryphena, yanapata nne. Maji ya saa tatu yanapotelea kwenye ufa wa mfereji.

Mwaka jana, 1956, aliaibika vibaya. Alibandika duara ukutani, na watu wakadhani ni ramani ya mashamba yao, kipande chekundu kikiwa ardhi inayochukuliwa na serikali. Siku hizi za kupimiwa ardhi, nani awalaumu? Mkutano ukavunjika. Kabeji za Tryphena zikafa zote.

"Zamani hatukuchora," Obadiah anamwambia Tryphena, sauti ikilegea. "Mama alipakua kimanga, ule muhogo uliopondwa na maharagwe, kwenye sahani moja, akakikata kwa mwiko. Kila mtoto aliona chake na cha mwenzake. Mfereji pia ulikuwa hivyo. Baba akimaliza zamu, alimwita jirani mwenyewe. Siku zile nazikumbuka, na zinaniuma."

Basi saa nne, mkutanoni, haanzi na karatasi. Anaweka sahani ya kimanga mbele ya watu na kukikata vipande vitatu.

"Hii si shamba, jamani. Hii ni siku moja ya maji." Ndipo anafunua duara.

Mzee Reuben wa mashamba ya juu anasogea, anaweka kiganja juu ya kipande kikubwa. Kiganja hakitoshi.

"Hii yote ni yetu?"

"Yenu, mzee."

"Na mimi nilikuwa nasema tunachukua kidogo tu." Anakiondoa kiganja. "Wape saa tano zetu. Ule ufa nitauziba mimi, na maji yake yaende chini."

Saa kumi na mbili juu, kumi na mbili chini: nusu kwa nusu. Tryphena anajifuta macho kwa leso, haoni haya.

Mwakani Obadiah anastaafu, na ameshajua bikari atampa nani.

"Tryphena amesoma mpaka darasa la nne, kugawanya anajua. Wa juu watanuna, wacha wanune. Mwaka jana alipoteza shamba zima kwa sababu ya duara langu. Linalofuata nataka achore mwenyewe."