Kiwiko Kilichoninyima Mke

Kuna aibu ambayo mtu anaizika, na kuna nyingine inayomfuata hadi sokoni. Yangu ni ya namna ya pili, kwa sababu hadi leo hapa mtaani Ndosho kuna watu wakiniona wanakunja mkono na kuunyoosha huku wakicheka, nami nacheka nao, nikifika nyumbani nalia.

Volkano ilipolipuka nilikuwa nakimbia na godoro kichwani (wenzangu waliokoa watoto, mimi niliokoa godoro la harusi, nichekeni tu), nikateleza juu ya mawe, nikaangukia kiganja, kiwiko cha kulia kikahama mahali pake na mfupa ukachomoza kwa nyuma. Daktari wa kituo cha afya aliuvuta mkono taratibu hadi kiwiko kikaingia, akanigusagusa vidole kuona kama vina hisia, akaufunga ukiwa umekunjwa na kuutundika shingoni kwa kitambaa.

“Mifupa imerudia,” akaniambia, “lakini kamba zenye kuifunga zimepasuka. Usiegemeye huu mukono, usijisukume nao pa kusimama, na mutu asikukande. Utarudia huku, tutaanza kuunyoosha pole pole.”

Shida ni kwamba mahari ya mchumba wangu Neema ilikuwa imeahirishwa mara nyingi kwa sababu ya vita (waasi wakikaribia mji wakwe wanasema tungoje, waasi wakirudi nyuma na sisi tukijiandaa, mlima nao ukaamka), na sasa baba yake alikuwa amekubali tufike kwao Murara upesi kabla mambo hayajaharibika tena. Mimi ni seremala. Nikajiuliza, nani atampa binti yake seremala wa mkono mmoja? Basi asubuhi ya kwenda kwao nikafungua kile kitambaa, nikakitia mfukoni, nikavaa koti.

Tulipokelewa vizuri. Mjomba wa Neema, aliyekuwa msemaji wao, alitusalimu ameketi kwa kuwa naye alivunjika mguu tulipokimbia volkano, na hakuna aliyemdharau, na mimi na kichwa changu kigumu niliyaona hayo kwa macho yangu na bado sikujifunza kitu. Maneno yakaenda, vinywaji vikaenda, mwishowe baba yake akasema, “Kijana asimame tumuone muzuri.” Kwa furaha nikasahau yote, nikaweka viganja kwenye mikono ya kiti cha plastiki, nikajisukuma, kiwiko kikatoka (nilikisikia, na waliokaa karibu walikisikia), nikaanguka kifudifudi juu ya meza, bia na sahani za nyama zikanimwagikia mbele ya wakwe. Nililia kama mtoto, siwadanganyi.

Hapo ndipo baba yangu mdogo, ambaye anadai anajua kuunga mifupa, alipokalia kifua changu na kuanza kuvuta na kukanda kwa nguvu zake zote. Neema alikuwa anamsihi, “Papa, mumuache, mumupeleke kwa muganga wa kituo cha afya,” na hakuna aliyemsikiliza. Kiwiko kilirudi, lakini vidole viwili vya mwisho vikafa ganzi.

Baba yake Neema akaokota kitambaa kilichoanguka kutoka mfukoni mwangu, akakiangalia. “Juu ya nini ulitufichaka?” akaniuliza. “Tungekungojea.” Akasema turudi nikishapona. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyoniumiza kuliko mkono.

Sikupona kwa wakati. Waasi waliingia mjini, familia ya Neema ikapanda boti kwenda Bukavu, na nimesikia ameolewa huko, na mume simjui, ila nadhani mikono yake ni mizima. Changu kiwiko kimekauka, hakikunjiki hadi mkono ufike mdomoni, hakinyooki, na randa naisukuma kwa kushoto, mbao zinatoka zimepinda.

Siku hizi nikikaribishwa kiti popote, hata na mtu nisiyemjua, namwambia kwanza kwamba mkono wangu ni mbovu, kabla sijakaa. Nimeapa sitaficha tena. Wote nawaambia, na yule niliyepaswa kumwambia yuko Bukavu.