Shali la Mkwe

Watu waliokuja nyumbani kwetu Itigi miaka ile walikalia kazi yangu, wakaegemea kazi yangu, wakaweka vikombe vyao vya chai juu ya kazi yangu, kisha wakamsifu mke wangu. "Mama, una mikono wewe!" Na mke wangu, ambaye sindano ya kufumia aliishika kwa ngumi, aliinamisha kichwa kama mtu mwenye haya na kuwaongezea sukari. Mimi nilikuwa hapohapo kwenye kochi. Leo ni mzee, mstaafu, na bado nikikumbuka nakereka.

Nilikuwa karani wa mizigo stesheni. Kufuma nilijifunzia hospitali ya misheni, baada ya gunia la karanga kuniangukia mguuni na kuuvunja. Nililazwa mguu umening'inizwa juu, na nililalamika kutwa kucha, kuhusu uji, kuhusu nzi, kuhusu jirani wa kitanda cha pili aliyeimba puani. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima, alikuwa akifuma kila alipopata nafasi ya kukaa. Siku moja alichoka na mimi. Akanirushia kitandani donge la uzi na ile sindano fupi yenye ndoano kichwani, akasema, "Shika hii, labda mdomo utapumzika." Akanionyesha mara mbili tu. Nilipotoka hospitali nilikuwa na kitambaa cha mviringo kilichopinda upande, na sikumbuki kitu kingine nilichowahi kukibeba kwa furaha kama ile, hata cheti cha darasa la nane.

Furaha yenyewe siwezi kuieleza vizuri, na hilo nalo linaniudhi. Unaanza na kijifundo. Unazunguka. Hakuna anayekuamuru, hakuna anayekuuliza stakabadhi, hakuna mzigo uliopotea njiani. Baada ya muda unaona kitu mkononi ambacho jana hakikuwepo duniani, na mara moja unataka mtu akichukue. Mimi nikimaliza kitambaa siwezi kukaa nacho. Lazima nikitoe.

Lakini nikitoe vipi? Mwanamume wa reli, anafuma! Kushona cherehani sawa, mafundi wote wa barazani ni wanaume na hakuna anayecheka. Toa cherehani, weka sindano mkononi, umeshakuwa kichekesho cha stesheni nzima. Jambo hili nimelifikiria maisha yangu yote na sijapata wa kunieleza. Basi nilifumia chumba cha ndani, mlango umefungwa, na aliyejua ni mke wangu peke yake.

Mwanzoni uzi wenyewe haukuwepo. Madukani kulikuwa na rafu tu na mwenye duka. Nilifumua nyuzi za mifuko ya unga, nikafuma vitu vyeupe vyenye harufu ya ghala. Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje, na pamoja na ruksa yakaja marobota ya mitumba mnadani. Wenzangu waliona nguo. Mimi niliona uzi. Masweta mazito ya sufu, ya watu wa nchi za baridi, mekundu, ya kijani, ya rangi ya maboga, yamerundikwa chini kwenye turubai! Nilikuwa nachagua sweta kwa kuangalia mshono wa bega, maana ukipata pa kuanzia linafumuka lote hadi kiunoni. Unaufua uzi, unautundika na jiwe ili unyooke, unauviringa. Mke wangu alisimama mlangoni akaniangalia nikifumua sweta zima, zuri, lisilo na tundu hata moja.

"Watoto wanatetemeka kwa baridi," alisema, "na baba yao anaharibu sweta ili afunike redio."

"Siharibu."

"Redio inasikia baridi?"

Niliendelea kufumua. Redio ilipata nguo yake, na stuli zikapata, na makochi yakapata migongoni na mikononi. Hivyo ndivyo wageni walivyoanza kumsifu, na yeye, kwa kunilinda, akakubali sifa. Hapo ningeweza kuvumilia. Kilichonishinda kuvumilia ni habari ya mama yangu.

Mama aliishi Kinampanda, kwetu, juu huko kwenye baridi. Mke wangu nilimpata hapahapa reli. Alikuwa akiuza asali kwa abiria, chupa mbili mkono huu na mbili mkono ule, akikimbia sambamba na treni kabla haijasimama, na sauti yake ilisikika hadi behewa la mwisho. Mimi nilimpendea hiyo sauti. Mama alipoambiwa, alisema mbele ya wajomba na baba wadogo kwamba hana mwana wa kuoa mwanamke wa kupiga kelele madirishani. Mtu wa wapi huyo, nani anawajua kwao, atakulea kwa mikono ipi? Ndoa ilifungwa hivyohivyo. Kila tulipokwenda, mama alipokea shikamoo ya mke wangu huku akitazama kuku, akaitikia "marahaba" kwa sauti ya chini kabisa, kisha akaniuliza mimi kama "huyo" atakula.

Hata watoto walipozaliwa, hali ilikuwa ileile. Mke wangu hakuwa mtu wa kulia, lakini njiani kurudi, juu ya lori, alikuwa anakaa kimya hadi Singida mjini, na kimya chake kilinitisha.

Nikaamua kumfumia mama shali. Nilitafuta masweta mawili ya rangi moja, ya udhurungi, minada kadhaa, nikayapata, na nikalifuma shali lile kipupwe kizima. Lilikuwa kubwa, la kufunika mabega na mgongo, lenye ukingo wa vijiua ambavyo nilivibuni mwenyewe. Nilipanga hata maneno. Ningemwambia, mama, nimekutengenezea mimi. Acheke akitaka. Mama yangu peke yake ndiye niliyetaka ajue.

Tukafika Kinampanda. Kifurushi kilikuwa kwa mke wangu kwa sababu mimi nilibeba mtoto na debe la asali. Akapiga magoti, akakitoa kwa mikono miwili, kama mkwe anavyotoa. Mama akafungua. Akalikunjua shali, akalishika ukingo, akapitisha kidole kwenye vijiua kimoja kimoja. Nikafungua mdomo.

"Umefuma wewe?" mama alimwuliza mke wangu. Alikuwa anamtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu tuoane.

Mke wangu akanigeukia. Nami niliyekuwa nimefungua mdomo nikaubakiza wazi, bila neno. Mama hakungoja. Alijitupia shali begani, akasema, "Karibu, binti yangu. Inuka hapo chini, njoo ukae." Akampisha kwenye kiti chake.

Sasa niambie, wewe ungesema nini? Ungemwambia inuka kwenye kiti, kazi ni yangu?

Tangu siku ile mama akawa mtu mwingine kwa mke wangu, na mimi nikawa mtu wa kuulizwa habari za mkwe. Salamu zilikuja kwa kila mtu aliyeshuka kutoka kwetu Iramba: mwambie binti yangu nimevaa kanisani, mwambie binti yangu wamenionea wivu. Viazi vilikuja, vya binti yangu. Kuku alikuja, wa binti yangu. Mimi niliyekaa kipupwe kizima na kukakamaa shingo sikuletewa hata yai.

Nilimgombeza mke wangu, ingawa hakuwa na kosa. "Mwambie," nilisema.

"Mwambie wewe, ni mama yako."

"Wewe ndiye uliyekubali."

"Mimi nilikubali lini? Nilinyamaza. Na wewe ulinyamaza. Mimi nauza asali, baba watoto, sikuomba kufuma." Kisha, kwa sauti ya chini: "Lakini usimwambie sasa hivi. Ngoja kidogo. Juzi ameniita mwanangu."

Nikamwambia basi ajifunze, ili uwongo upungue. Nilimkalisha, nikamwonyesha kwa upole wote nilionao, ambao si mwingi. Yule mwanamke aliyeweza kupokea pesa, kurudisha chenji na kutoa chupa kupitia dirisha la treni inayoondoka hakuweza kuvuta uzi mmoja ndani ya mwenzake. Aliukaba. Kila alichofuma kilikuwa kigumu kama mpini. Nikapandisha sauti, akaitupa sindano chini ya kitanda, akaenda stesheni. Ndiyo yalikuwa mafunzo.

Ndipo mama akaja kututembelea. Alikuja na shali limekunjwa ndani ya khanga, na pembe yake moja imetafunwa na mwanambuzi, vijiua vimekwisha, uzi unaning'inia. Hata maji ya kunywa hakuyangoja. "Binti yangu, nitengenezee hapa hapa," alisema, akivuta kiti karibu. "Nataka nione hiyo mikono."

Mke wangu alilipokea. Alichukua sindano kwenye kikapu changu, akaishika kwa ile ngumi yake, akaichomeka kwenye shali langu na kuvuta. Uzi ukafumuka safu nzima. Akavuta tena. Nilihisi kama ananivuta mimi utumbo. Mama anatazama, mimi natazama, safu ya pili inaondoka, na wakati huohuo, ashukuriwe Mungu wa reli, honi ya treni ya abiria ikalia kutoka upande wa Tabora.

"Mama, naomba ruhusa, asali," mke wangu alisema, na alikuwa ameshafika mlangoni.

Shali likabaki mapajani mwangu. Nililitazama lile tundu. Nisingeweza kuliacha hivyo hata kama mama ndiye angekuwa mkaguzi wa shirika zima. Nikachukua sindano. Nikaokota vitanzi vilivyopotea, nikarudisha safu ya pili, nikarudisha ya kwanza, nikaanza vijiua. Mama alisogeza kiti. Nilisikia pumzi yake karibu na sikio langu. Nilipofika kwenye kijiua cha mwisho, niliona kwamba hapo ndipo pa kusema, na nisiposema hapo basi nitakufa nalo.

"Mama, hili shali nililifuma mimi. Na hivyo vilivyo kwenye makochi. Vyote ni mimi."

"Sijasikia," alisema mama.

Masikio ya mama yangu yalikuwa mazima. Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi, na nakiri nilikuwa nimekasirika. Nilimwambia kwamba nililifuma kwa ajili yake, kwamba nilitaka ajue, kwamba nimechoka kukaa ndani ya nyumba yangu kama mgeni wa kazi yangu mwenyewe.

Akalichukua shali kutoka mkononi mwangu na kulikunja mapajani.

"Yule mtoto wa watu nilimkataa mbele ya ukoo mzima," alisema. "Unakumbuka maneno niliyosema. Mimi nayakumbuka yote. Baadaye nikamwona anavyokutunza, anavyowatunza wajukuu zangu, nikataka kurudi, na sikujua nirudie wapi. Mtu mzima unarudije? Ndipo akaniletea shali. Nikapata pa kupitia." Alinitazama. "Sasa unataka kuniziba hapo, ili nikusifu? Nikusifu nini wewe? Wewe ni wangu hata ungekaa bure maisha yako yote, hujashika uzi."

Nilikuwa na majibu mengi. Niliyapanga miaka mingi, njiani, kazini, chumbani nikifuma. Nikarudisha sindano kikapuni.

Treni iliondoka. Mke wangu alirudi akihema, kikapu kitupu, jasho usoni, na alisimama mlangoni akitazama kwanza uso wa mama, kisha wangu, akitafuta kujua kama bado ana mahali pa kukaa katika chumba kile. Sijawahi kumwona na hofu kama ile, hata siku za kujifungua.

Mama alimnyooshea pembe ya shali. "Njoo uone. Mume wako amekusaidia kazi yako. Amejitahidi, ila hajakufikia."

Mke wangu alikaa chini polepole, akashika kile kijiua changu cha mwisho, macho yamemjaa machozi. Hasira ilinipanda, na pamoja nayo kikapanda kitu kingine ambacho hadi leo sijakipatia jina.

"Anifundishe tu," nilisema. "Nitaweza."