Picha ya Mama Iliyotiwa Rangi

Mtaani walimwita Mama Picha. Ujana wake wote uliishia studio, katika chumba cha giza, akisuuza picha nyeusi na nyeupe na kuzianika kwa vibanio kama nguo. Picha za rangi zilipoingia, tajiri wake alifunga studio, naye akabaki na jina tu. Hakunung'unika. Mungu alimpa riziki ya kudarizi vitambaa.

Alichokuwa nacho hapa duniani ni sura ya marehemu mama yake: picha moja, sebuleni kwa kaka yake. Siku moja alipoingia humo, aliikuta imebadilika.

"Karibu, wifi," mke wa kaka yake alisema, hakuinuka kwenye kochi. "Umemwona mama mkwe? Nimempeleka kwa vijana wa kompyuta wamtie rangi. Alikuwa kama kamwagiwa majivu."

Mama Picha akasogea. Gauni la waridi, midomo myekundu, ngozi ya maji ya kunde. Na mama yao alikuwa mweusi tii.

"Mmemchubua."

"Tumempendezesha."

"Alipokuwa hai ulimwita masizi. Hata kaburini hujamwacha?"

"Ukuta ni wangu, wifi. Msiba sitaki kuutundika."

"Ile ya zamani iko wapi?"

"Humo humo. Fundi fremu kaigandisha kwa gundi nyuma ya hii mpya, isijikunje."

Kaka mtu, aliyekuwa akila, hakuinua macho. "Yaishe. Picha ni picha."

Mama Picha akaishusha, akaitoa kwenye fremu, akaenda uani na kuitumbukiza katika beseni la maji. Wifi yake akamfuata mbio.

"Una wazimu wewe?"

Midomo ya Mama Picha ilikuwa ikimwomba Mungu, kidole gumba kikisugua taratibu. Waridi likatangulia kuyeyuka, kisha mashavu. Karatasi ya juu ikabanduka kama gamba. Chini yake akatokea mama, mweusi tii, bega moja limeondoka na gundi.

"Mali ya watu umeiharibu," wifi alisema. "Toka na msiba wako. Usikanyage tena hapa."

Wifi akarudi ndani. Kaka mtu alikuwa amesikia yote. Akanawa mikono, akaufunga mlango wa uani kwa ndani.

Mama Picha akavua mtandio, akamlaza mama yake humo, akazunguka ubavuni mwa nyumba akiwa amembeba kwa mikono miwili, maji yakimchuruzika hadi viwikoni.