Bibi Aliyesahau Kumeza

Juzi nilikuwa zahanati ya Likoni nikingoja dawa ya sikio. Benchi zima lilikuwa likizungumza habari za uhuru unaokuja, kwa sauti za watu waliolegezwa na upepo wa dirishani. Akaingia mzee mmoja wa kanzu, amemshika mkewe kiunoni.

"Shikamoo, mzee. Bibi ana nini?" akauliza dresa, yule mtoa dawa wa zahanati.

"Akili ilimtoka zamani, mwanangu, hilo nimelizoea. Lakini tangu majuzi chakula chamkaa mdomoni. Amesahau kumeza. Wallahi, naogopa atakufa na njaa na sahani i mbele yake."

Dresa akaleta uji mzito, akamkalisha bibi wima, akamtilia kijiko kimoja. Uji ukakaa kinywani, macho ya bibi yako mbali.

"Tusimharakishe," dresa akasema.

Mzee akapiga magoti mbele ya mkewe, akainua kidevu chake mwenyewe, akameza mate taratibu, koo likipanda na kushuka. Bibi akamtazama sana, kisha akameza. Kijiko cha pili kikapita vivyo hivyo. Sisi wa benchini, bila kujijua, tukawa tunameza pamoja nao.

"Anakutambua, mzee?" dresa akamwuliza.

"Hanijui kabisa," akajibu akicheka. "Lakini aniiga."

Uji ulipokwisha, bibi alishika ncha ya leso yake akampangusa mzee mdomo, mdomo ambao haukuonja kitu.

Mimi na mke wangu tunajuana kwa jina na ukoo, lakini sikumbuki siku tuliyopangusana hata jasho.