Ukuta wa Kidoti

Fundi rangi huyu walimpachika jina la Mikono Miwili. Kwa mafundi, kila mpako mmoja wa rangi ni mkono, naye hakukubali kamwe kuumaliza ukuta kwa mkono mmoja. "Ukuta haushibi kwa kijiko kimoja," alimwambia kila mwenye nyumba bahili, na ubishi ukaishia hapo.

Alikuwa na desturi moja ambayo mkewe aliipigia kelele mpaka akachoka. Kila rangi aliyomchanganyia mteja aliijaribu kwanza nyumbani, doa la ukubwa wa kiganja kwenye ukuta wa chumbani, maana pale jua la asubuhi lilipiga vizuri na rangi haikuweza kumdanganya. Kazi ya miaka sita ilikuwa pale ukutani. Kitanda cha binti yao, Kidoti, kiliegemea ukuta huohuo. Kila asubuhi mtoto alisimama kitandani akayapigapiga madoa, moja baada ya jingine, na la njano alilibakiza la mwisho kwa sababu ndilo alilolipenda.

Alipotimiza miaka miwili, tumbo lake lilianza kutuna upande mmoja. Wakamnunulia dawa ya minyoo. Kisha akagoma kutembea, na chini ya macho kukaingia weusi kana kwamba amepigwa. Hospitali kubwa walimpiga picha, wakamtoa kinyama kidogo cha kupima, wakawatajia jina refu: neuroblastoma. Saratani. Akalazwa siku hiyohiyo.

Mikono Miwili hakulia. Alisikia kila neno na hakuna lililomgusa. Alirudi nyumbani, akatoa makopo yote ya rangi pamoja na dumu la thina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi, iliyokaa mvunguni mwa kitanda cha mtoto tangu azaliwe. Akaukwangua ukuta mpaka ikabaki plasta tupu. Mkewe alikuja kuchukua nguo za mtoto, akasimama mlangoni, akamtazama. Mkewe ni msusi. Kabla ya kurudi wodini aliziokota dawa zake zote za kulainisha nywele, akaenda kuzitupa jalalani. Mume alikuwa bado anakwangua.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Walikula, walifua, walipanga foleni. Watu nao wana midomo: mmoja alisema ni jicho la husda, mwingine akasema ni simu, wa tatu akauliza, kwa heshima zote, kama upande wa mama hakuna kitu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mikono Miwili hakubishana na yeyote, kwa kuwa yeye jibu alikuwa nalo.

Siku Kidoti aliporuhusiwa kwenda kupumzika nyumbani wiki moja, mama yake alimpeleka kupimwa uzito, na baba akabaki na daktari wa watoto, mama wa makamo mwenye kalamu tatu mfukoni, zote hazina wino.

"Daktari, mimi ni fundi rangi. Thina nilikuwa naiweka mvunguni kwake. Ni mimi, siyo?"

Daktari akaacha kuhangaika na kalamu. "Baba Kidoti, ugonjwa huu ni nadra. Wanakohesabu vizuri, unampata kama mtoto mmoja kati ya elfu saba, na karibu wote hawajafika miaka mitano. Mtoto akiwa bado tumboni, kuna seli changa zinazotakiwa zikue ziwe mishipa ya fahamu. Kwa Kidoti, baadhi ziligoma kukua, zikawa zinazaana tu, hapa juu ya figo."

"Ziligoma kwa nini?"

"Hatujui. Familia chache sana hurithishana, na nyie hamna dalili hiyo. Kemikali watu wamezichunguza, hawajapata jambo la kushika. Thina kuiweka mvunguni kwa mtoto, hapo nakugombeza. Lakini siwezi kusema ndiyo iliyoleta hili."

"Sasa ni nani?"

"Hakuna mtu, baba."

Alidhani atapumua. Hakupumua. Mkosaji huomba msamaha. Sasa yeye angemwomba nani? Alijaribu kuwapanga kichwani watoto elfu saba, hata mia hakufika.

Nje, kwenye benchi, alimwambia mkewe, "Nimemuuliza daktari. Anasema si rangi."

"Rangi?" Mkewe akamgeukia. "Kumbe ulidhani ni rangi?"

"Wewe ulidhani nini?"

"Dawa za nywele. Nimewapaka watu mpaka mwezi wa tisa wa mimba. Nilipokukuta unakwangua ukuta, nikasema tayari, amenijua, anamalizia hasira kwenye plasta."

"Miezi yote hii, Mama Kidoti?"

"Na wewe je?"

Wakambeba mtoto, wakaenda nyumbani.

Kidoti alipowekwa kitandani alijivuta, akashika ukuta, akasimama. Akapiga plasta kwa kiganja. Akapiga pembeni. Akapiga juu kidogo.

"Nano?" aliuliza; njano bado ilimshinda kutamka. "Nano wapi?"

Mikono Miwili akapiga magoti. "Baba ndiye kaikwangua, mwanangu. Ni mimi. Nisamehe." Na kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akalia, tena kwa sauti.

Kidoti akampigapiga shavuni kwa kiganja, mara mbili. Kisha akageukia ukuta, akaendelea kutafuta.