Nilivyokataa Pikipiki ya Kawaida

Mpaka leo nina hasira, na nusu yake ni juu yangu mwenyewe.

Nilienda Katindo na shemeji yangu kununua pikipiki ya mbio iliyokwisha kutumika. Zilikuwa mbili: ya kawaida, na nyingine iliyoongezewa nguvu na kuinuliwa. Mama muuzaji alinitazama toka kichwa mpaka viatu. "Papa, wewe chukua ya kawaida."

Damu ilinichemka. "Unaniona mutu wa kawaida? Unafikiri sina franga?" Nilifoka mpaka wapita njia wakasimama.

Nikairukia ile iliyoinuliwa. Miguu ikatafuta udongo, isiupate. Mimi na pikipiki tukaanguka pamoja kwenye mawe ya volkano, suruali ikapasuka nyuma. Shemeji akageukia ukuta, mabega yakimtetemeka.

"Sikusema franga, papa," mama akaniambia. "Niliona miguu yako ni mifupi."